Usaha Usio na Kijidudu

Vilimwanzia makwapani. Daktari Subilaga Mwaisumo alikuwa anaoga kabla ya kwenda kazini alipohisi maji yanamchoma kama yametiwa pilipili. Akainua mkono mbele ya kioo, akaona ngozi imewiva nyekundu, na juu ya wekundu ule vimetapakaa vipele vyeupe, vidogo kama vichwa vya pini, kila kimoja na usaha wake. Akatazama chini ya matiti, vipo. Akatazama kinenani, vipo. Shingoni ndiyo kwanza vilikuwa vinachomoza.

Akafunga maji, akakaa ukingoni mwa bafu, mwili unatetemeka kwa homa.

Mwaka ule, wilayani Rungwe, vipele vyenye usaha vilikuwa na maana moja tu: ndui mpya. Ilikuwa imeingia na mvua za vuli, ikapita nyumba hadi nyumba, na aliyepona alibaki na uso uliotobokatoboka. Lakini Subilaga alikuwa amewaona wagonjwa wa ndui mpya kwa mamia, na vipele vyao vilikuwa vikubwa, vigumu, vikianzia usoni na viganjani. Hivi vya kwake vilikuwa kitu kingine. Alianza kukikisia palepale alipokaa, na kikamtia hofu, kwa sababu kama alikisia sawa, basi kilichomfanya hivi kilitoka mkononi mwake mwenyewe.

Chini ya ngozi ya mkono wake wa kushoto ilikaa punje, kama ilivyokaa kwa kila mtu aliyepita umri wa kunyonya. Ilikuwa na ukubwa wa mbegu ya mtama. Ndani yake zilikuwamo chembe hai zilizofundishwa kupika dawa. Kituo cha kinga kikituma amri hewani, punje inapata joto na kuanza kumwaga dawa kwenye damu, kidogo kidogo, kwa majuma kadhaa. Hakuna sindano wala foleni. Juma lililopita amri ya chanjo ya ndui mpya ilitumwa wilaya nzima, na aliyeibonyeza ni Subilaga. Kabla ya kuibonyeza alitokea kwenye skrini za sokoni, makanisani na mashambani, akakunja mkono wa blauzi yake, akasema, "Ukisikia joto mkononi usiogope. Hilo ni joto la uzima."

Watu walimwamini. Walimpenda, hata. Akina mama walimsimamisha njiani wamshike mkono.

Alivaa blauzi ya shingo ndefu, akajifunga kitambaa kichwani mpaka masikioni, akaenda kazini mapema kabla wenzake hawajafika. Alipita mlango wa nyuma wa madaktari, mlango pekee usiokuwa na Jicho. Milango mingine yote ya mahali pa watu ilikuwa nalo: kioo kidogo juu ya kizingiti kilichosoma ngozi ya kila apitaye. Likiona usaha, mlango unajifunga na gari la karantini linaitwa. Jicho lilifundishwa kwa picha za wagonjwa wa ndui, na hakuna aliyewahi kulionyesha jambo lingine lolote linalofanana nayo.

Maabarani, alijitoboa kipele kimoja kwa sindano, akaupaka usaha kwenye kioo, akainamia hadubini. Seli nyeupe za damu zilikuwa zimejazana kama kumbikumbi kwenye taa. Hazikuwa na cha kupigana nacho. Akaweka tone jingine kwenye mashine ya kusoma vimelea, akasubiri huku anajikuna shingo kwa kisigino cha kiganja. Mashine haikupata kirusi wala bakteria.

Usaha usio na kijidudu. Aliwahi kufundishwa hilo chuoni, somo la dakika chache ambalo wengi walisinzia. Mara chache sana mwili wa mtu hukosea dawa, hata chanjo, ukaiona adui. Seli nyeupe hukimbilia kwenye ngozi kwa vita visivyokuwapo, na ngozi nzima hujaa vipele ndani ya siku moja au mbili. Tiba yake ni kuikomesha dawa. Homa hushuka, ngozi hubanduka kama ganda la kitunguu, mtu akapona. Na haiambukizi. Haiwezi kuambukiza, kwa kuwa hakuna cha kuambukiza.

Akaiamuru punje yake ipoe. Halafu akafuta kioo cha hadubini kwa spiriti, akakifuta tena, akakitupa kabisa kwenye pipa la taka. Alijishangaa. Alikuwa anaficha kama mtu aliyeiba.

*

Tumpe aliletwa siku ileile, saa za mchana. Alikuwa mchuma chai, mwanamke kijana mwenye mabega mapana, na Jicho la banda la kupimia chai lilikuwa limemfungia mlango mbele ya wenzake wote akiwa bado na kapu mgongoni. Wenzake walikimbia. Mmoja, alisema, alimrushia jani la mgomba ajifunike uso.

Subilaga aliingia chumbani amevaa vazi zima la kinga, kofia, kioo cha uso na glavu. Chini ya vazi lile vipele vyake vilikuwa vinaungua.

"Vilianzia wapi, dada?"

"Makwapani, mama daktari. Jana. Punje ilipata joto kama mlivyosema, nikafurahi. Kisha nikaanza kuungua." Alisema kwa sauti ya chini, anatazama sakafu. "Mimi si mchafu. Naoga kila siku. Naomba ujue hivyo."

"Najua."

"Nina mtoto, Ipyana, ananyonya bado. Asubuhi nilimnyonyesha." Hapo akainua macho. "Nimemwambukiza?"

Subilaga alivitazama vile vipele, vidogo kama vichwa vya pini, juu ya wekundu uleule. Angeweza kumjibu wakati uleule.

"Ngoja nipime kwanza," alisema.

Akapima. Hakukuwa na kijidudu. Akafunga mlango wa ofisi, akampigia Kalebi Mwambene, mratibu wa kinga wa mkoa, mtu waliyesoma naye na aliyemwita kaka. Akamweleza habari za mchuma chai, bila kusema habari zake mwenyewe. Aliona ajabu jinsi ulimi ulivyoliruka jambo lile bila kujikwaa.

Kalebi aliuliza, "Wako wangapi?"

"Ninaowajua ni wawili. Watakuwapo wengine. Si wengi. Tutangaze dalili, tuwaambie waje tuwapoze punje, basi. Hawafi na hili."

"Subi, nisikilize. Juma lijalo amri inakwenda wilaya tatu zilizobaki. Unakumbuka ule uvumi wa kwamba punje inafunga kizazi? Watu walijichana mikono kwa nyembe. Leo wewe, sura yako hiyohiyo, utokee useme chanjo inatoa usaha mwilini? Hawatasikia neno 'nadra'. Watasikia usaha."

"Huyu mama ana mtoto anayenyonya."

"Na mimi nilikuwa na mdogo wangu. Nilimzika kwa ndui hii, sikuruhusiwa hata kumfunika uso." Sauti yake ilikwaruza. "Mpoze punje yake kimyakimya. Mweke karantini majuma mawili, atapona, arudi kwake. Sikuombi umdhuru. Nakuomba unyamaze mpaka chanjo iwafikie watu."

Hakuwa mtu mbaya, na ndiyo maana ilikuwa vigumu kumkatalia. Isitoshe, kila alichosema kilimpa Subilaga kile alichokuwa anakitaka kisirisiri tangu asubuhi: ruhusa ya kutovua kitambaa chake.

Alirudi chumbani. Tumpe alisimama.

"Mtoto?"

"Bado hatujui," Subilaga alisema. "Kwa sasa usimguse. Usimnyonyeshe."

Tumpe akaitikia kwa kichwa, mara nyingi, kama anayeshukuru.

*

Karantini ilikuwa kwenye kiwanda cha chai kilichofungwa zamani, na kuta zake zilikuwa bado na harufu ya majani makavu. Wagonjwa wa ndui walilazwa katika ukumbi mkubwa. Subilaga alimtafutia Tumpe chumba cha peke yake, kilichokuwa stoo, akajiambia kwamba hilo ni jema alilomtendea. Alijua wazi kuwa chanjo ya Tumpe ilikatishwa njiani, kwa hiyo kinga yake ilikuwa nusunusu, na kwamba hewa ya ukumbi ule ilipita chini ya mlango.

Alikwenda kumwona kila siku. Angeweza kumtuma mwuguzi, lakini alikwenda mwenyewe, akampaka dawa ya kutuliza ngozi, akampima joto. Tumpe alimwita "mama" siku hizo, akaacha kuongeza "daktari". Alimwambia kwamba mumewe yuko Chunya migodini na hajui lolote. Kwamba mtoto yuko kwa mama mkwe, Mama Ambwene, ambaye alichoma moto khanga zake zote na godoro. "Amefanya vizuri," alisema. "Hata mimi ningechoma."

Matiti yake yalikuwa yamevimba yakawa magumu kama mawe. Alikuwa anayakamua kwenye tundu la kutolea maji pembeni mwa chumba, amegeuka ukutani. Subilaga akimkuta hivyo alisimama mlangoni mpaka amalize.

Wakati huo ngozi zao zote mbili zilianza kubanduka. Ya Subilaga ilitoka mabegani kwa vipande vipana, vyeupe, laini kama karatasi ya kuvutia sigara. Kila jioni alikung'uta blauzi yake bafuni na kuviosha viishie na maji. Ofisini alikuwa amesingizia baridi kwa kujifunika vile, na wote walimwonea huruma kwa kufanya kazi akiwa na mafua. Mfanyakazi mmoja wa kike alimletea chai ya tangawizi. Aliinywa.

Siku moja alimkuta Tumpe amekaa sakafuni na vipande vya ngozi vimekusanywa juu ya kipande cha gazeti mbele yake, vyote, hata vile vidogo.

"Nimeviokota visipeperuke vikamdhuru mtu," Tumpe alisema. "Mama, nina ombi. Umwambie mama mkwe amlee Ipyana. Mimi nikitoka hapa sirudi. Nitakwenda Chunya, au popote. Maana hata mkisema nimepona, nitajuaje? Nitamshika mtoto nikiwaza kila siku kwamba ninamwua." Alisema bila machozi. Alikuwa amelifikiria siku nyingi mpaka likawa rahisi kulisema. "Matiti yamekauka. Naona ni Mungu amenirahisishia."

Subilaga akachuchumaa mbele yake. Alitaka kusema neno lolote la kupoza, lakini kila neno lililokuja lilikuwa na uongo ndani. Basi akavua glavu. Akavua kofia na kile kioo cha uso, akafungua vifungo vya vazi, akaishusha shingo ya blauzi.

Tumpe alitazama ile ngozi iliyochanika ikining'inia. Aliitazama muda mrefu.

"Na wewe umeipata," alisema kwa huruma. "Pole, mama. Ni mimi nimekuambukiza?"

Huruma ile ndiyo iliyomwumiza Subilaga kuliko matusi yoyote.

"Hapana. Nilikuwa nayo kabla yako. Haiambukizi, Tumpe. Haikuwa ndui hata siku moja. Ni mwili wako ulioikataa chanjo, na wangu pia. Hujamdhuru mtoto. Usingeweza kumdhuru."

Nje mtu alikuwa anaburuta kitanda cha chuma. Kelele ile ilipokwisha, Tumpe aliuliza, "Ulijua lini?"

"Siku uliyoletwa."

"Nilipokuuliza habari ya mtoto, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa nimeanza kujua. Nilipokujibu, nilikuwa najua kabisa."

Tumpe aligeuza uso, akalitazama lile tundu la maji pembeni. "Nilikuwa nayakamulia pale," alisema. "Kila siku. Najiambia namwokoa mwanangu." Kisha akalikunja lile gazeti na ngozi zake zote, akaliweka mapajani mwa Subilaga. "Nenda kawaambie watu. Mimi umeshaniambia. Na ukitoka ufunge mlango, sitaki kukuona."

*

Alitangaza jioni ileile, kabla ya taa za sokoni kuwashwa. Hakumwomba Kalebi ruhusa. Alisimama mbele ya kamera amevaa gauni lisilo na mikono, shingo wazi, na fundi wa kamera akarudi nyuma hatua moja bila kujijua.

Alisema kwamba kwa watu wachache sana chanjo huleta vipele vya usaha usio na kijidudu, kama hivi vyake. Haviambukizi, na punje ikipozwa vinakwisha. Jicho haliwezi kuvitofautisha na ndui, ila maabara inaweza. Aliye navyo asijifiche, na asiye navyo asiitoe punje, kwa kuwa ndui inaua na chanjo hii inaizuia. Halafu akasema, "Nilijua haya nikanyamaza. Kuna mama amewekwa karantini akatenganishwa na mtoto wake kwa uongo wangu. Niliona aibu ya ngozi yangu, nikamtwika yeye." Alikuwa amekusudia kuendelea lakini sauti ilikata, na fundi akazima.

Yaliyofuata yalikuja mawili kwa pamoja, na hakuweza kuyatenganisha. Watu walianza kufika kituoni. Mzee mmoja aliyekuwa amefichwa na wanawe kwenye banda la ndizi, mwalimu wa kwaya aliyejifungia ndani akisubiri kufa, msichana aliyenyolewa nywele zote na ndugu zake. Wote walipimwa, wakapozwa punje, wakarudi kwao. Na katika kijiji kimoja cha juu mlimani watu walipitishiana wembe, wakatoa punje mikononi mwao na kuzitupa jikoni.

Ndui ilikifikia kijiji kile baada ya muda mfupi. Kalebi alikuja mwenyewe kumwambia. Hakukaa kitini. Alikuwa amevaa bado buti zenye tope la makaburini.

"Umesimamishwa kazi," alisema. "Hiyo ni barua tu, itakuja. Nimekuja kwa jingine. Leo tumemzika bibi mmoja na mjukuu wake. Punje walizitoa baada ya kukusikia. Nilitaka uambiwe na mimi, usije ukasikia kwa mtu atakayekupunguzia."

Subilaga angeweza kusema kwamba kama wangetangaza mapema, kwa utulivu, pengine watu wasingeona wamefichwa, wasingeshika wembe. Alikuwa anaamini hivyo. Lakini mbele ya tope lile aliona maneno hayo yangekuwa ni kujisafisha tu.

"Asante kwa kuniambia, kaka," alisema.

Kalebi alitikisa kichwa, akaondoka.

*

Tumpe hakutolewa mara moja. Kwa kuwa alilala jirani na wagonjwa wa ndui, ilibidi asubiri ionekane kama ameambukizwa huko alikopelekwa bila sababu. Hakuambukizwa. Siku ya kutoka, Subilaga alimsubiri getini. Hakuwa tena na vazi la kinga wala kitambulisho.

"Nitakusindikiza," alisema. "Kama utakubali."

Tumpe alitangulia, Subilaga akafuata nyuma, kwenye njia nyembamba kati ya migomba, mpaka uani kwa Mama Ambwene.

Mama Ambwene alikuwa amesimama mlangoni na mtoto amembeba mgongoni. Majirani walikuwa wameshajaa uzioni.

"Shikamoo, mama," Subilaga alisema.

"Marahaba. Simameni hapohapo." Mwanamke yule alimtazama mkwewe mkono hadi mkono. "Nilisikia kwenye skrini. Kwenye skrini ndiko mlikotuambia pia kwamba vipele vya usaha ni ndui. Sasa nishike lipi? Ngozi yake bado inatoka, naiona kutoka hapa."

Tumpe aliinamisha kichwa. Hakujitetea. Alisimama kama alivyosimama siku ile mbele ya banda la chai, kana kwamba kufukuzwa ndiko alikokuja kukufuata.

Subilaga akafungua vifungo vya gauni. Alilishusha mpaka kiunoni, akabaki na sidiria tu mbele ya watu wale wote, mabega na tumbo vikiwa na mabaka mekundu yenye kingo za ngozi nyeupe. Uzioni mtu aliguna. Mwingine alicheka, cheko fupi la mshtuko. Walikuwapo wanaume. Alisikia uso unawaka moto mpaka masikioni, akataka sana kujifunika, akaiacha mikono ining'inie.

"Mama, nishike," alisema. "Yangu na yake ni kitu kimoja. Kama inaambukiza, mimi ndiye niliyeanza, na nimekuwa nikila na kunywa na watu ofisini siku zote. Hakuna aliyepata. Mkweo hana kosa. Kosa ni langu."

Mama Ambwene alikuja polepole. Aliweka kiganja begani kwa Subilaga, akalisugua kama anayepima kitambaa cha dukani. Kipande cha ngozi kikamganda vidoleni. Alikitazama, akakifuta kwenye kitenge chake, na watu wote uzioni wakaona amekifuta kwenye kitenge kilekile kilichombeba mtoto.

"Vaa," alisema. "Unatutia aibu."

Kisha akamfungua mtoto mgongoni, akampa mama yake.

Tumpe alimpokea kwa mikono miwili, akakaa chini palepale kizingitini. Ipyana alimtazama usoni, akakunja midomo, akaangua kilio. Alijinyonganyonga akimtafuta bibi yake. Tumpe akatoa titi. Mtoto akalishika, akanyonya kidogo, hakupata kitu, akaliachia na kulia kwa nguvu zaidi.

"Yanaweza kurudi," Subilaga alisema, akifunga kifungo cha mwisho. "Ukimweka mara kwa mara, maziwa yanaweza kurudi."

Tumpe aliinua macho. Ilikuwa mara ya kwanza kumtazama tangu siku ya lile gazeti.

"Hilo unalijua, au unaniambia tu?"

Subilaga alifikiri kabla ya kujibu. "Kwa wengi hurudi. Kwa wengine hayarudi. Kwako sijui."

Majirani walikuwa wameanza kutawanyika. Subilaga alichukua mkoba wake, akageukia njia.

"Unakwenda wapi?" Tumpe aliuliza. "Kaa hapo tuone wote."

Mama Ambwene akasukuma kigoda kwa mguu. Subilaga akakaa. Tumpe alimgeuza mtoto upande wa pili, akamwekea titi mdomoni, na mtoto akalikataa, akalia, akawekewa tena.